Uaminifu kwa Kitu Kisichotujua

Tarehe 31 Januari 2001 kampuni ya Sega ya Japani ilitangaza kwamba itaacha kuunda mashine za kuchezea gemu, zile ambazo wenyewe huziita konsoli, na kwamba tangu siku ile itabaki kuwa mtungaji wa michezo ya kuchezwa katika mashine za wengine. Kwa wafanyabiashara habari hiyo ilikuwa habari ya hasara na basi: Dreamcast, konsoli yake ya mwisho, iliyotoka Japani Novemba 1998 na kuuzwa Marekani tangu tarehe 9 Septemba 1999, haikuweza kusimama mbele ya PlayStation 2 ya Sony. Lakini kwa vijana wa Marekani na Ulaya waliokuwa wametumia miaka kumi ya ujana wao kuitetea Sega shuleni, barabarani na mezani pa chakula, ilikuwa ni habari ya mfalme aliyeshuka katika kiti chake usiku, akalifungua lango la ngome kwa mkono wake mwenyewe, akaenda zake pasipo kuwaaga askari waliokuwa wangali juu ya kuta. Na kabla ya mwaka ule kwisha, Sonic, yule kalunguyeye wa rangi ya buluu aliyekuwa bendera ya jeshi lao, alionekana Japani akikimbia ndani ya Game Boy Advance, mashine ya Nintendo; yaani ndani ya nyumba ya adui.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, wala si kwa ajili ya biashara yake. Lililonishughulisha ni huzuni ya wale vijana, ambayo ilikuwa huzuni ya kweli, na ambayo watu wazima waliidharau kwa kuwa ilitokana na kitu cha plastiki. Mimi sioni kwamba huzuni hupimwa kwa bei ya kitu kilichopotea. Pale ambapo mtu ameweka uaminifu wake wote, kisha akaona kwamba mahali hapo pamekuwa patupu, kuna swali la hikima ambalo si haki kulipita kwa kicheko: je, uaminifu ni fadhila kwa nafsi yake, po pote uwekwapo, au huwa fadhila kwa sababu ya yule unayewekwa kwake? Na ikiwa ni hili la pili, ni nini hukumu ya uaminifu unaowekwa kwa kitu kisichotujua, kisichotuahidi neno, ambacho hata kutusaliti hakiwezi kwa kuwa hakikuwa na agano nasi?

Moto ule haukuwaka wenyewe, uliwashwa. Nintendo, kampuni ya Kyoto iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ilikuwa katika miaka ya 1980 imelishika soko la Marekani kiasi cha kwamba wazazi wengi walilitumia jina lake kuwa jina la mchezo wowote wa aina hiyo. Sega, ambayo asili yake ni biashara ya kupeleka mashine za burudani katika kambi za jeshi la Marekani, ilileta konsoli yake ya Genesis huko mwaka 1989, ile iliyoitwa Mega Drive katika nchi nyingine, nayo ikaja na tangazo lililolipotoa jina la Nintendo ili kusema kwamba Sega hufanya yale ambayo mwenzake hayafanyi. Mwaka uliofuata uongozi wa tawi la Marekani ulipewa Tom Kalinske, mtu aliyewahi kuongoza Mattel, kampuni ya mwanasesere Barbie, ambaye alijua kuliko wengi namna mtoto anavyopenda. Mwaka 1991 aliishusha bei ya Genesis kutoka dola 189 hata dola 149, akamtia Sonic sandukuni pamoja na mashine, na Agosti ya mwaka ule ule Super Nintendo ilipotoka kwa dola 199, vita vilikuwa vimekwisha pangwa.

Tazama ustadi wa matangazo yale. Hayakumwambia kijana kwamba mashine hii ni nzuri. Yalimwambia kwamba yeye ni mtu wa namna fulani, na kwamba yule wa nyumba ya pili ni mtu wa namna nyingine iliyo duni. Sega ilijivika ukubwa, kasi na ujeuri wa kijana aliyeota ndevu. Nintendo ikaachiwa utoto. Ukatolewa msemo wa kiufundi juu ya kasi ya Genesis, ambao sijui watoto wangapi kati ya elfu wangeweza kuueleza maana yake, na watoto waliukariri jinsi watu wanavyokariri itikadi. Gemu ya Mortal Kombat ilipotoka katika konsoli hizo tarehe 13 Septemba 1993, Nintendo iligeuza damu ya wapiganaji kuwa jasho, na Sega ikaiacha damu, imefichwa nyuma ya mibonyezo michache ambayo kila mtoto aliijua kwa moyo. Uamuzi huo wa wauzaji wawili ulishuka mpaka uani mwa shule ukawa madhehebu mawili, moja la usafi na moja la ukweli. Desemba ya mwaka ule wakuu wa kampuni hizo mbili walikaa mbele ya maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl mjini Washington kuhojiwa juu ya ukatili katika michezo, na badala ya kuitetea kazi yao kwa pamoja, walishutumiana wao kwa wao. Aliyeisemea Sega siku ile, Bill White, hapo kabla alikuwa mtumishi wa Nintendo. Neno hili nitalirudia, kwa sababu lina uzito kuliko linavyoonekana.

Walakini matangazo peke yake hayatoshi kueleza mahaba yale. Mzizi mwingine ulikuwa katika mfuko wa baba. Dola 149, au 199, haikuwa fedha ya kutupwa katika nyumba ya mfanyakazi, na kaseti ya gemu moja iliweza kufika dola 50 na zaidi. Kaseti za Sega hazikuingia katika Nintendo, wala za Nintendo katika Sega. Mtoto aliyechagua siku ya kuzaliwa kwake, au usiku wa Krismasi, alikuwa amechagua kwa miaka minne au mitano, na pengine hakuchagua hata kidogo, bali alichaguliwa na baba aliyeingia dukani akakuta upande mmoja wa rafu umekwisha. Basi asiyeweza kurudi nyuma hana budi kuthibitisha kwamba njia aliyoishika ndiyo njema. Wala hakuwa akijidanganya tu. Alikuwa, kwa namna yake, akiilinda heshima ya zawadi ya mzazi wake. Nami nikifikiri hayo siwezi kumcheka mtoto wa miaka kumi na moja aliyepigana ngumi kwa ajili ya Genesis, maana nasikia chini ya maneno yake maneno mengine ambayo hakujua kuyasema: baba yangu hakukosea.

Kisha kulikuwa na kuazimana. Mtoto mwenye Sega katika mtaa wenye Sega nyingi aliweza kucheza kaseti ishirini huku akimiliki tatu, na mtoto mwenye Nintendo katika mtaa huo alikuwa maskini katikati ya matajiri. Hivyo konsoli ilikuwa uraia: ilikueleza utaingia nyumba ya nani baada ya shule, na nani ataingia kwako. Hapa ndipo nionapo kwamba kile ambacho watu wazima walikiita upuuzi kilikuwa na mifupa ya jamii ya kweli ndani yake.

Mwaka 1970 mtaalamu wa elimu ya nafsi Henri Tajfel alichapisha habari za majaribio aliyoyafanya Bristol, Uingereza, kwa vijana wa shule wa miaka kumi na minne na kumi na mitano. Mtu huyu hakuwa akiuliza swali la anasa. Alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland, aliyetekwa na Wajerumani akiwa katika jeshi la Ufaransa, na vita vilipokwisha akakuta kwamba jamaa zake wameangamizwa. Alitaka kujua chuki ya kundi kwa kundi huanza na nini. Katika jaribio moja aliwaonyesha vijana picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, kisha akawaambia, kwa kubahatisha tu, kwamba fulani ni wa upande wa Klee na fulani wa upande wa Kandinsky. Hawakuambiwa ni nani mwingine aliye upande wao. Hawakuwa na jambo la kugombea. Hawakuwa na historia. Walipopewa nafasi ya kugawa fedha kwa wenzao wasiowajua, waliwapendelea wa upande wao. Hilo halishangazi sana. La kushangaza ni kwamba walipohitaji kuchagua, wengi walikubali watu wa upande wao wapate kidogo, maadamu wale wa upande wa pili wapate pungufu zaidi. Walipenda tofauti kuliko faida.

Sijasoma habari inayonieleza mashabiki wa konsoli vizuri kama hii. Februari 2024 Microsoft, wenye Xbox, walitangaza kwamba gemu nne zilizokuwa zao peke yao zitapelekwa katika mashine za wapinzani. Hakuna mwenye Xbox aliyenyang'anywa kitu. Gemu zile zilibaki kwake vile vile, kwa bei ile ile, na usiku ule angeweza kuzicheza kama alivyozicheza jana yake. Hata hivyo wako waliolia na kulaani, na Gears of War, mojawapo ya fakhari kubwa za Xbox, ilipotoka katika PlayStation 5 mnamo Agosti 2025, wako walioona kwamba nyumba yao imebomolewa. Walichopoteza ni kule kukosa kwa jirani. Utamu wa gemu haukukaa wote ndani ya gemu. Sehemu yake ilikaa katika macho ya yule asiyeweza kuicheza. Nalisema hili kwa majonzi, kwa sababu ni ugonjwa ambao kila mmoja wetu, akijikagua kwa insafu, ataukuta umejificha mahali katika nafsi yake, hata kama hajashika konsoli maishani.

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ibada ya sanamu. Sikubaliani nao, na nadhani neno zito kama shirki halifai kutupwa ovyo. Mwenye kuabudu sanamu huiomba mvua, huiomba uzazi, huiogopa gizani. Kijana wa Sega hakuiomba Sega kitu. Yeye ndiye aliyetoa: wakati wake, hoja zake, fedha ya nyumbani kwao, na pengine jina lake zuri. Ugonjwa wake una jina jingine, na ndilo lile ambalo Uislamu ulilikemea tangu mwanzo wake, asabia, kule kumshika mtu wa upande wako hata katika batili. Na Paulo naye aliona sura yake huko Korintho, pale waumini walipoanza kujigawa kwa majina ya waliowahubiria, huyu wa Paulo na yule wa Apolo, kana kwamba mjumbe ndiye aliyeuleta ujumbe kutoka mfukoni mwake.

Lakini asabia si neno la lawama tupu, na hapa yatupasa kwenda polepole. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 akafa Kairo mwaka 1406, aliona katika kitabu chake cha Mukadima kwamba asabia ndiyo nguvu inayowafanya watu wachache wa jangwani, wenye njaa na mshikamano, waweze kuziangusha dola zilizonona. Pasipo hiyo hakuna ulinzi wala ufalme. Naye alisema jambo moja ambalo lilinifanya nikifunge kitabu nikatembea kidogo: kwamba hata nasaba yenyewe, hata damu tunayojivunia, ni jambo la dhana lisilo na hakika yake, na kwamba manufaa yake yote yamo katika ule muungano unaozaliwa nayo. Ikiwa ni hivyo, mtetezi wa vijana wale anaweza kuniambia: mbona unawalaumu? Wewe umeungana na watu kwa dhana ya ukoo, wao wameungana kwa dhana ya chapa, na muungano ni muungano.

Hoja hii ni nzuri, nami nilikaa nayo siku nyingi. Jawabu nililolipata ni kwamba dhana ya ukoo, japokuwa dhana, ina njia ya kwenda na ya kurudi. Mimi namtambua binamu yangu, naye ananitambua. Nikifa atalibeba jeneza langu, na akifilisika nitauza nilicho nacho. Pwani yetu iliwahi kuwa na mashindano ya dhana tupu kuliko hata ya Sega. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya mwambao mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara yote ya Tanganyika, iliwagawa watu kuwa Marini na Arinoti, wenye sare, vyeo na parapanda, na walishindana kwa mavazi na karamu hata wengine wakatumbukia katika madeni. Walakini chama kile kile kilimzika mwanachama wake na kumpokea mgeni aliyeshuka stesheni asijue mtu. Vivyo hivyo Yanga, ya mwaka 1935, na Simba, ya mwaka 1936: huo ni utani mkali, wenye kuchosha pia, lakini wa Simba humwoa wa Yanga, na matanga yakiwapo huketi mkeka mmoja. Asabia hizi zina watu katika ncha zake zote mbili.

Uaminifu kwa konsoli una mtu katika ncha moja tu. Katika ncha ya pili iko kampuni, na kampuni haina uso. Nilisema nitarudi kwa Bill White, aliyetoka Nintendo akaja kuisemea Sega; naye hakuwa peke yake. Peter Moore ndiye aliyekuwa mkuu wa Sega huko Marekani mwaka 2001 mashine ilipokomeshwa. Mwaka 2003 alikwenda Microsoft akawa amiri wa Xbox, na mwaka uliofuata alipanda jukwaani akaonyesha mkononi mwake chanjo ya wino yenye tarehe ya kutoka kwa gemu ya Halo 2, umati ukapiga kelele za furaha. Mwaka 2007 alihamia kampuni nyingine ya gemu, na mwaka 2017 akawa mtendaji mkuu wa klabu ya mpira ya Liverpool. Simlaumu, mtu hutafuta riziki yake, na kazi aliifanya vizuri. Nalisema kwa sababu majemadari wa vita hivi wamekuwa wakivua sare moja na kuvaa nyingine mchana kweupe, ilhali askari wa kawaida ameambiwa kwamba kubadili upande ni aibu. Na hata vyombo vyenyewe havikuwa na upande. Ndani ya Super Nintendo chombo cha sauti kilitengenezwa na Sony, kwa ubunifu wa Ken Kutaragi, yule yule aliyekuja kuwa baba wa PlayStation. Katika PlayStation 4 na Xbox One, ambazo mashabiki wake walitukanana kwa miaka, moyo wa hesabu wa zote mbili ulitoka kwa kampuni moja, AMD. Walitukanana kwa ajili ya maganda.

Iko historia ya kale inayonijia kila nifikiripo matusi hayo. Mjini Konstantinopoli, katika uwanja wa mbio za magari ya farasi, watu walikuwa wamegawanyika kwa rangi, Buluu na Kijani, na rangi hizo zilikuwa hapo mwanzo si kitu ila alama za makundi ya waendesha magari. Januari mwaka 532 ghasia zilianza uwanjani, zikachoma moto sehemu kubwa ya mji pamoja na kanisa kuu la Hagia Sofia, hata siku majeshi ya mfalme Justiniano yalipoufunga uwanja na kuingia na panga, mwanahistoria Prokopio aliandika kwamba waliouawa walizidi 30,000. Sidai kwamba vijana wa konsoli watafika huko, ingawa vitisho wamekwisha toleana, na waandishi waliotoa maksi ndogo kwa gemu fulani wametukanwa wao na jamaa zao. Ninachokiona ni kwamba rangi haikuhitaji kuwa na maana ili iue. Utupu wake ndio uliokuwa nafasi: kila mtu aliingiza humo uchungu wake wa kodi, wa njaa, wa madhehebu, na rangi ikavichukua vyote pasipo kukataa.

Basi je, hakuna aliyekuwa mwaminifu katika habari hii yote? Yuko mmoja ambaye siachi kumtaja. Isao Okawa alikuwa mwenyekiti wa Sega katika miaka yake ya mwisho ya kuunda mashine, mzee aliyeitajirisha nafsi yake kwa kampuni ya programu aliyoianzisha mwenyewe. Sega ilipokuwa ikizama aliikopesha fedha zake. Na mapema mwaka 2001, akiwa mgonjwa, aliisamehe Sega madeni yote aliyoidai na kuirudishia hisa zake, mali iliyohesabiwa karibu dola milioni 695. Alifariki mwezi Machi mwaka ule. Watumishi wengi wa Sega walibaki na kazi, na gemu wanazozitunga hata leo zinasimama juu ya hiba ile. Huyo alikuwa na agano. Aliwajua watu aliowafadhili, nao walimjua. Alitoa kile ambacho hakitarudi, wala hakuhitaji mtu wa upande wa pili apungukiwe ili zawadi yake iwe kubwa. Nikiyaweka maisha yake karibu na maisha ya kijana aliyelia siku ya tangazo, naona kwamba walikuwa na kitu kile kile kifuani, ila mmoja alipata pa kukiweka, na wa pili alikiweka mahali ambapo hapakuwa na mkono wa kukipokea.

Wala sisemi kwamba cha kijana kilipotea chote. Genesis ilikuwa na tundu mbili za pedi mbele yake, na Super Nintendo vivyo hivyo. Mafundi wa pande zote mbili, walipokuwa wakichora mashine zao, walidhani kwamba mchezaji atakuwa na mwenzake. Jioni nyingi za miaka ile zilijaa ndugu wawili waliokaa sakafuni mabega yakigusana, na huyo ndugu, au yule jirani aliyekuja na kaseti mfukoni, ndiye aliyependwa. Jina la kampuni lilichapishwa tu juu ya mapenzi hayo kama muhuri unavyopigwa juu ya barua iliyoandikwa na mwingine. Kosa la kijana, kama ni kosa, ni kuusoma muhuri akadhani ndio mwandishi. Na kosa kubwa zaidi ni la wale waliokuwa wakijua kwamba atasoma hivyo, wakaupiga muhuri kwa makusudi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amezaliwa na kulelewa Toronto, na mwaka juzi alikuja Tanga kutusalimu. Ni mtoto mwenye adabu, lakini Xbox ameishika kama wengine wanavyoshika mlango wa Kaaba. Jioni moja nilimpeleka katika banda la gemu lililo karibu na nyumba yetu, chumba kimoja chenye feni na runinga, na PlayStation kuukuu ambayo maandishi yake yamekwisha futika kwa vidole vya watu. Pale hulipwa kwa mechi. Wachezaji wawili hukaa katika benchi, wengine husimama nyuma wakingoja, na aliyefungwa hupisha. Alisimama kitambo akitazama, kisha akaniinamia.

"Mjomba, hawa ni wa upande gani?"

"Upande wa nini?"

"PlayStation au Xbox."

Mwenye banda alikuwa amesikia. "Hapa tunacheza iliyopo, mwanangu," alimjibu, akaendelea kuhesabu chenji zake.

Nilimwona akiligeuza jibu hilo kichwani. Tulipokuwa tukingoja alinong'ona kwamba labda hawagombani kwa kuwa mashine si yao, na mimi nilimwambia kwamba huenda amepata, lakini asiharakishe. Mechi ikaisha kwa mabao matatu kwa moja. Aliyefungwa akainuka, akampa mpwa wangu pedi ingali na joto la mkono wake, naye akaketi. Yule mshindi, kijana wa umri wake aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, alimtazama mgeni tangu viatu hata kichwani kabla ya kubonyeza kitu.

"Wewe Simba au Yanga?"

Mpwa wangu akageuka kunitazama, asijue la kusema. Na yule kijana, bila kungoja jibu, akajisogeza kidogo katika benchi ili apate nafasi ya kukaa sawasawa.